Mfuko wa Somoe na Maji ya Katikati

Ngano hii aliyeisimulia kwanza ni marehemu Bi Mwanamvua binti Kombo, mwezi wa Machi mwaka 1998, ule mwaka bahari ilipopata joto mpaka matumbawe yakageuka meupe kama chokaa. Aliisimulia ukumbini kwake, akibandua chaza, mbele ya wajukuu zake na mama zao. Wako wanaosema ilianzia kwa kaka yake, Hatibu bin Kombo. Si kweli. Hatibu aliisikia hapo hapo ukumbini, akaichukua, akaitia chumvi. Hii ni ile isiyotiwa chumvi.

Paukwa!

Pakawa!

Walio mlangoni hawajaitika. Paukwa!

Pakawa!

Haya, tumetimia.

Hapo zamani za kale, lakini si kale ya mbali sana, palikuwa na hori moja ikiitwa Kikokoni. Hori ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Kulia mikoko, kushoto mikoko, katikati maji. Na ndani ya maji hayo mlikuwa na taifa. Taifa gani? Taifa la vichembe.

Kichembe humjui? Unamjua, ila hujawahi kumwona. Ukichota maji ya bahari kwa kikombe, umemchota. Ni mdudu wa maji, mdogo kuliko punje ya ulezi. Ana jicho moja tu, jekundu, katikati ya paji la uso. Ana masharubu mawili marefu kama mwili wake, ndiyo makasia yake. Akipiga, tik, amesogea. Akipiga tena, tik, amesogea. Anakula majani madogo yaeleayo majini, madogo hata yeye huyatafuta kwa shida. Naye analiwa na dagaa. Dagaa analiwa na nguru. Nguru unamla wewe. Kwa hiyo usimdharau.

Kichembe wa kike ana kitu kimoja zaidi. Mayai yake hayaachi ovyo. Anayatia mfukoni, mfuko anaufunga chini ya mkia, anakwenda nao kila aendako mpaka mayai yaanguliwe.

Vichembe wa Kikokoni walikuwa na desturi. Jua likizama, walipanda juu kula. Jua likichomoza, walishuka chini topeni, penye mizizi ya mikoko, ili dagaa wasiwaone. Mwenye mfuko alishuka kabla ya wote. Aliulaza mfuko wake topeni, akautikisa taratibu kama anayebembeleza mtoto, na taifa zima likaimba:

Jua panda, mimi nashuka,
jua shuka, mimi napanda,
tope mama, nifunike,
mfuko wangu usiamke.

Juu ni pa kula. Chini ni pa kulala. Katikati hapakaliwi, katikati ni pa dagaa. Mtoto wa kichembe alilijua hilo kabla hajajua kupiga kasia.

Basi katika taifa hilo alikuwapo mama mmoja kijana, jina lake Somoe. Somoe hakuwa mkubwa kuliko wenzake, wala mzuri kuliko wenzake, wala msemaji. Alikuwa na tabia moja: jambo akilishika, halimtoki. Shangazi yake, Bi Mwanakheri, ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo wa asubuhi na kulinda desturi, naye alizoea kusema kwamba kichwa cha Somoe ni gamba tupu, nyama Mungu alisahau kutia.

Somoe alikuwa amefunga mfuko mara mbili. Wa kwanza aliufunga wakati wa kusi, maji yakiwa baridi. Baadhi ya mayai yaliangua. Katika walioanguliwa, wengine walitoka mkia umepinda, wakaogelea kwa kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka, mpaka wakachoka wakazama. Lakini wengine walinyooka. Wa pili aliufunga wakati wa kaskazi, maji yakiwa moto kama uji. Aliulaza topeni. Akautikisa. Akaimba. Akangoja. Mayai yakawa meusi. Hakutoka hata mmoja.

Wala halikuwa balaa lake peke yake. Kila mama wa Kikokoni alitikisa mfuko mweusi. Wimbo wa asubuhi ukawa mwembamba, kwa kuwa waliokufa walikuwa na sauti na hawakuzaliwa wa kuzirithi.

Kulikuwa na nini? Sikilizeni vizuri. Mambo mawili yalikuwa yameingia horini.

La kwanza ni joto. Jua lilikuwa lile lile, lakini maji hayakupoa tena kama yalivyokuwa yakipoa. Kichembe wa maji moto hukua upesi, hubaki mdogo, na hula asishibe.

La pili ni rangi. Juu kwenye kichwa cha hori, watu walikuwa wamefungua mahali pa kukwangulia vyombo. Meli kubwa na boti hupakwa rangi nyekundu tumboni, rangi yenye shaba ndani yake, ili viumbe vya bahari visigande na kukipa chombo uzito. Rangi ikizeeka, hukwanguliwa ipakwe mpya. Kwaruu, kwaruu, kwaruu, kutwa. Maganda ya rangi yalidondoka mchangani. Maji yalijaa, yakayachukua, yakapwa nayo, yakayalaza topeni penye mikoko. Na rangi iliyotengenezwa kuua kilichoganda kwenye meli haina macho ya kuchagua mwingine wa kumwacha.

Sasa Somoe akafunga mfuko wa tatu. Kaskazi ilikuwa haijaisha. Na kichembe haishi miaka, ndugu zangu. Alijua mkiani mwake kwamba huu ndio mfuko wake wa mwisho. Ukiwa mweusi huu, jina lake limekwisha Kikokoni.

Bi Mwanakheri aliita baraza. Waliobaki wakakusanyika mizizini, na maneno yakaanza. Wako waliokuwa wamechukuliwa na maji ya bamvua, yale yajaayo na kupwa kupita kawaida, mpaka mlangoni mwa hori, wakarudi salama. Hao walisema kwamba kule joto ni kama hili la hapa, watoto wanatoka wadogo, lakini wanatoka na wanaogelea. Kwa hiyo anayesingizia joto ni mwongo. Wengine wakawajibu kwamba wakati wa kusi rangi ilikuwepo hapa hapa, wakailalia, na bado watoto walitoka, wachache lakini walitoka. Kwa hiyo anayesingizia rangi ndiye mwongo. Wakakaripiana. Wa joto waliwaita wenzao vipofu, jambo zito kwa watu wenye jicho moja. Wa rangi wakawaambia wenzao kwamba jua limewapika ubongo, kama walipewa. Kila upande ulikuwa na ushahidi, na kila ushahidi ulikuwa wa kweli.

Mwisho Bi Mwanakheri akawanyamazisha.

"Kama si joto na si rangi," akasema, "basi ni sisi. Tumeilegeza desturi. Wazee wetu walilala topeni mpaka tope likawajua. Sisi tunagusa na kuondoka kama wageni. Kuanzia leo, mwenye mfuko hapandi. Atabaki chini kutwa na kucha, atakula kinachomdondokea, na atajifukia zaidi."

Likawa neno. Hakuna taifa jingine ambalo lingekosea hivyo. Samaki angekimbia, kaa angehama shimo. Vichembe, watu wa kushuka, walipoona kifo walishuka zaidi.

Somoe alishuka nao. Alijifukia. Akautikisa mfuko wake. Alipokaa kidogo masharubu yakamfa ganzi, na jicho likaona kiwi. Akatazama kulia, mfuko wa jirani yake unaanza weusi ukingoni. Akatazama wake. Bado ulikuwa safi, mayai yanang'aa kama shanga. Akautazama kwa muda. Kisha akajifukua, tik, tik, tik, akapanda mzizi wa mkoko mpaka kwa Chaza.

Chaza alikuwa ameshika mzizi huo tangu utoto wake, hajui pengine. Zamani alikuwa na rangi ya maziwa kama chaza wote. Sasa ndani ya gamba lake alikuwa kijani, kijani cha sufuria ya shaba iliyosahauliwa nje mvuani, naye alijiona bwana harusi.

"Binti wa topeni," Chaza akasema, "umekuja kunitazama. Tazama mpaka uchoke. Wenzangu wa mlangoni wote ni weupe kama wagonjwa."

Somoe alimsalimu kwanza, akamsifu gamba, kwa kuwa Chaza asiposifiwa hafungui. Kisha akamwuliza kama hadhuriki na rangi.

"Mimi?" Chaza akasema. "Rangi ikija, nafunga mlango. Ikipita, nafungua. Joto likija, naacha mlango wazi, nahema, napata nafuu. Maisha ni akili, binti."

"Na vikija pamoja?"

Chaza akafungua gamba kidogo. Povu moja lilimtoka, blup, likaenda juu.

"Hapo kuna kazi kidogo," akasema. "Joto linanihemesha. Nikihema, mlango uko wazi. Mlango ukiwa wazi, rangi inaingia. Nikifunga, nakosa pumzi. Nifanyeje? Naacha wazi, nameza yote. Ndiyo sababu nimependeza hivi."

Akacheka. Somoe hakucheka. Alibaki ameshika mzizi, masharubu yametulia, na neno lile likawa linamzunguka kichwani. Mlangoni mwa hori kuna joto, rangi hakuna: watoto wanatoka. Wakati wa kusi kuna rangi, joto hakuna: watoto wanatoka. Pande zote mbili za baraza zilisema kweli, na pande zote mbili zilikosea. Mzigo mmoja vichembe waliubeba, kwa taabu, lakini waliubeba. Miwili ikitua pamoja, mmoja unafungua mlango na mwingine unaingia.

Sasa afanye nini? Joto hawezi kulizima. Rangi hawezi kuikusanya, mtu mdogo kuliko ulezi. Lakini aliweza kuondoka mahali vinapokutana. Na vilikutana wapi? Topeni, pale pale wanapoimbia.

Juu je? Juu mchana maji yanachemka, na jua linamulika kila kitu. Juu hapana. Lakini Somoe alikuwa amepanda na kushuka maisha yake yote, na kila alipopita katikati wakati maji yanajaa, alihisi kitu. Maji mapya ya bahari kuu yalikuwa yakiingia horini, mazito, baridi, yakipita chini ya maji moto na juu ya tope. Yaliingia kama ulimi kinywani. Vichembe wote waliupita ulimi huo mbio, bila kusimama, kwa kuwa katikati ni pa dagaa.

Somoe akarudi topeni, akamweleza shangazi yake yote, tangu Chaza mpaka ulimi. Bi Mwanakheri alisikiliza akiwa amejifukia nusu. Mifuko yake yote ya ujana ilikuwa imelala katika tope lile, mingine ilizaa na mingine haikuzaa, na aliijua kila mmoja ulipolala.

"Katikati ni kinywa, mwanangu," akasema.

"Na chini pamekuwa kaburi, shangazi."

"Dagaa humwona mwenye mfuko kabla ya kuona kitu kingine. Mfuko unaning'inia kama kengele. Huwezi kuruka, huwezi kujificha."

"Najua."

"Basi mimi sitakuimbia."

"Nitakwenda bila kuimbiwa."

Maji yalipoanza kujaa na jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, wakati taifa zima linashuka, Somoe alipanda. Tik, tik, tik. Alipishana nao njiani. Mmoja alimwambia amepotea njia. Mwingine alimwambia amsalimie dagaa. Somoe aliendelea kupiga makasia. Mfuko ulikuwa unamvuta mkia, na pumzi aliihitaji kwa kazi.

Akaingia katika ulimi. Baridi ikamshika. Masharubu yakaamka. Akavuta maji safi, akavuta tena.

Na hapo maji yakameta pande zote, kama sufuria nyingi mpya zimepinduliwa kwa pamoja. Dagaa.

Kundi likamzunguka, fyuu. Mbele alikuwapo Mzee Dagaa, mkubwa wao, mbavu zinahesabika. Kinywa kilikuwa wazi tayari.

"Haya, chakula kimekuja chenyewe," akasema Mzee Dagaa, "tena kimekuja na kitoweo chake."

Vijana nyuma yake wakacheka, wakasema huyo hata kwenye jino hatosikika.

"Nile, mzee," Somoe akasema. "Njia sijaikosea. Lakini kabla hujafunga kinywa, niambie jana ulikula nini."

Mzee Dagaa akasema hayamhusu.

"Juzi je?"

Vijana wakaacha kucheka. Kutwa nzima walikuwa wakiogelea vinywa wazi na kumeza maji.

"Huko chini mifuko imekuwa myeusi," Somoe akasema. "Mnaowangoja hawapandi kwa sababu hawakuzaliwa. Huu wangu ni mzima bado. Ukinila, utakuwa umekula mbegu. Mbegu hailiwi, mzee, hata njaa ikiwa kali namna gani. Mwenye kuila hula mara moja tu."

Mzee Dagaa alimtazama kwa jicho moja, akageuka akamtazama kwa la pili.

"Nawe unataka nini?"

"Nikae katika maji haya mpaka yaangue. Anayebeba mfuko msimguse, iwe mimi au mwenzangu. Mfuko ukiwa mtupu, sikuombi kitu."

"Mfuko ukiwa mtupu wewe ni kitoweo."

"Mimi ni kitoweo," Somoe akasema.

Mzee Dagaa akafunga kinywa. Njaa ilikuwa imempa akili ambayo shibe ilimnyima. Akawaambia vijana wake kwamba atakayemgusa huyu atakutana na mkia wake yeye.

Msidhani kazi ikawa imekwisha. Ulimi wa maji baridi haukai. Maji yalipoanza kupwa, ulimi ukajivuta kurudi baharini, na maji moto yakamshukia Somoe kutoka juu, na yale ya tope yakampandia kutoka chini. Akaelewa kwamba pale si mahali pa kukaa, ni mahali pa kufuata. Akageuza masharubu, akaufuata ulimi kuelekea mlangoni. Tik, tik, tik, mfuko nyuma unavuta. Maji yakajaa, akaingia nao. Yakapwa, akatoka nao. Akichelewa kidogo tu, joto linamshika mkia. Akishuka kidogo tu, anasikia ladha ya shaba. Alikula alipoweza. Hakulala. Kundi la dagaa lilimpita na kumpita tena, na kila lilipompita, jicho la kila mmoja lilikuwa kwenye ule mfuko, na kila kinywa kilifungwa kwa taabu.

Wakati maji yanajaa, akasikia mkiani, pu. Akageuka. Katoto kametoka, kadogo kuliko watoto wa zamani, kana jicho jekundu. Kakapiga kasia. Tik. Kakaenda mbele, hakakuzunguka. Kamenyooka.

Pu. Mwingine. Pu. Mwingine. Hawakutoka wote. Mayai mengine yalibaki kimya, na Somoe alijua hayataangua. Lakini waliotoka walinyooka, wakatawanyika katika maji baridi kama mchele uliomwagika.

Mzee Dagaa alikuwa ubavuni pake.

"Mfuko ni mtupu, binti."

"Ni mtupu."

"Unakumbuka tulivyosema."

"Nakumbuka. Lakini wa chini hawajui. Ukinimeza sasa umepata asubuhi moja, na mwaka ujao kundi lako litameza maji. Niache nishuke nikawaambie, niwaongoze mpaka mama wa mwisho aingie humu. Kazi hiyo ikiisha, mimi ni wako."

"Na ukikimbia?"

"Nikimbilie wapi? Juu moto, chini rangi, katikati wewe."

Mzee Dagaa akacheka, kicheko cha mwenye mbavu nje. Akasema kwamba hata yeye hana pa kukimbilia. Akampisha.

Somoe akashuka. Aliwakuta topeni, wachache kuliko alivyowaacha, wamejifukia mpaka jichoni. Akawaeleza. Hawakumwamini. Walisema ameota, au dagaa wamemtuma aje awaite kwenye karamu ambayo wao ndio vyakula. Mmoja akamwambia aoneshe hao watoto. Somoe akasema hakumleta hata mmoja, na hatamleta mwanawe katika tope hili ili watu wapate kuamini.

Hapo Bi Mwanakheri akajifukua. Tope lilimtoka mwilini vumbi, vumbi.

"Wamenyooka?" akauliza.

"Wamenyooka, shangazi."

Yule mama mzee akajikung'uta masharubu. Kisha akasema atakwenda kuona yeye kwanza, kwa kuwa akiliwa yeye hasara si kubwa. Akapanda. Alipanda polepole, akipumzika, mtu ambaye hakupata kusimama katikati tangu azaliwe. Dagaa wakamwona. Hakuwa na mfuko, lakini Mzee Dagaa alimwona Somoe anamfuata nyuma, akamwacha apite. Bi Mwanakheri akaingia katika maji baridi, akaona watoto, tik, tik, tik, kila mahali. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kuona tu.

Aliporudi hakusema kwamba alikosea. Wazee wetu hao mnawajua. Alisema tu kwamba wimbo una maneno ya zamani, unataka kurekebishwa, akaanza kuimba:

Ulimi wa baridi, nakufuata,
maji yakijaa, naingia,
maji yakipwa, natoka,
mfuko wangu nitaufikisha.

Mama wenye mifuko walijifukua, mmoja mmoja. Wakapanda. Asubuhi ile ya kwanza, vijana wawili wa dagaa ambao hawakuwepo siku ya ahadi waliingia kati wakala mama kadhaa. Mzee Dagaa akawapiga kwa mkia mpaka magamba yakawatoka, lakini waliokwisha kuliwa hawakurudi. Waliobaki hawakushuka. Somoe alikuwa mbele, hana mfuko, anawaonesha ulimi unapogeukia, na nyuma Bi Mwanakheri anawasukuma wanaochelewa.

Basi vichembe wakajiokoa kwa upande wao. Lakini rangi iliendelea kudondoka. Kwaruu, kwaruu, kwaruu.

Siku moja maji yamekupwa, wanawake walishuka horini kuokota chaza. Mmoja wao, Bi Sikudhani, alivunja chaza mmoja, akambandua, akamtia kinywani. Akamtema. Alikuwa mchungu kama msumari. Akamtazama ndani, kijani. Akavunja mwingine, kijani. Akawauliza wenzake tangu lini chaza wakavaa kaniki ya kijani. Wakainua macho kufuata hori, na kule juu wakasikia kwaruu, kwaruu.

Wakaenda, vikapu kichwani. Fundi mkubwa wa pale aliwapokea kwa adabu. Aliwaeleza kwamba rangi ni rangi tu, na bahari ni kubwa, inameza kila kitu. Bi Sikudhani akashusha kikapu, akavunja chaza mbele yake, akampa mkononi.

"Basi kula, baba," akasema. "Ikiwa ni rangi tu."

Fundi alimtazama chaza. Alimgeuza upande huu, akamgeuza upande ule. Hakumla. Mafundi wote walikuwa wameacha kukwangua, wanatazama mkono wake. Mwisho akasema kwamba wanaweza kutandika maturubai chini ya vyombo kabla ya kukwangua, maganda yakadondokea humo, yakakusanywa, yakapelekwa mbali na maji. Wakatandika. Si wote, na si kila siku. Mwenye haraka aliruka turubai. Wanawake wakawa wanapita kila maji yanapokupwa, na kikapu, na chaza, wakimtafuta mwenye haraka.

Tope halikusafika kwa siku moja. Jua halikupunguza hata mwali. Lakini ulipokuja msimu wa baada ya ule, kuna mama aliyechelewa ulimi, akaangulia karibu na mizizi, na watoto wake wengine walinyooka.

Somoe je? Somoe alizeeka, kama vichembe wanavyozeeka, upesi. Masharubu yalimkatika ncha. Siku maji yalipojaa na mama wa mwisho akaingia katika ulimi, Mzee Dagaa alikuja ubavuni pake. Alikuwa amenenepa, mbavu zimeingia ndani. Akamwambia kwamba angeweza kusahau lile neno lao. Somoe akamjibu kwamba asilisahau, kwa sababu akisahau hilo la mfuko mtupu, kesho atasahau na lile la mfuko uliojaa. Mzee Dagaa akafungua kinywa. Alimla taratibu, mmoja peke yake, na siku hiyo hakula mwingine.

Mafunzo ya ngano hii ni haya. Anayeweza kubeba mzigo mmoja anaweza kuuawa na miwili, kwa hiyo usimwambie aliyeanguka kwamba kila mmoja peke yake ulikuwa mwepesi. Desturi iliwekwa ilinde watoto. Siku inapowaua, ibadilishwe na hao hao wanaoipenda. Na mzigo ambao mkono wako haufiki usikuzuie kuutua ule unaoufikia. Jua hatulifikii leo. Turubai tunalifikia.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye ya kwake aibebe.

Na mkiuliza ni nani yupo hai katika waliokuwapo: Somoe hayupo. Bi Mwanakheri hayupo, alifia mlangoni mwa hori, katika maji baridi. Mzee Dagaa alichukuliwa na nguru. Fundi mkubwa alihama, haijulikani kama yu hai. Bi Sikudhani yupo, haoni vizuri, lakini chaza bado anamwonja kabla ya kuuza. Chaza wa mkokoni yupo vile vile, kijani, mzima kabisa, kwa kuwa hakuna anayetaka kumla. Na watoto wa watoto wa Somoe wapo. Maji yanajaa sasa hivi, wanaingia.